Winchi ya nanga ilivyonivua suruali Matema

Kwa wale mliopata habari kupitia yule rafiki yangu wa Mwanjelwa, kwamba nanga ilinivuta hadi ziwani nikaopolewa na wavuvi: uongo mtupu. Maji hata sikuyagusa. Yaliyonikuta ni mabaya kuliko hayo.

Mimi fundi umeme wa magari, mnanijua. Mzee mmoja wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kanunua boti ya mtumba ya kubebea watalii, ina winchi ya nanga ya umeme, ile mashine ya kuvuta mnyororo wa nanga, volti 12, nyaya zote zimeng'olewa. Nikajisemea, stata ya lori naifunga nimefumba macho, hii itanishinda nini? Sasa stata inazunguka sekunde chache tu, na betri iko jirani. Winchi inavuta muda mrefu, ampea 80 na zaidi, na betri ya boti ile iko nyuma kabisa huku winchi iko mbele puani. Umeme wa kwenda na kurudi umbali huo unataka waya mnene hasa. Mzee aliposikia bei ya waya mnene akatafuta pa kukaa. Tukafunga mwembamba. Swichi ya kujikata yenyewe, ile ya kukaa karibu na betri, ilikuwepo. Kwenye begi. Tungeifunga tukishajaribu.

Halafu jaketi. Mbeya Julai hutoki bila jaketi, lakini ukishuka kutoka mita 1,700 hadi ziwani, chini ya mita 500, joto linakupokea tangu Ipinda. Nikalivua, mikono yake nikaipitisha kwenye vitanzi vya suruali, nikapiga fundo mbele, maana suruali inanipwaya na mkanda niliusahau nyumbani. Shikeni hapo kwenye fundo.

Na ilikuwa Jumamosi. Anayeijua Matema ameshaanza kucheka. Jumamosi ni gulio la vyungu pale Lyulilo, akina mama wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, ufukwe mzima watu.

Nanga ikashuka vizuri, watoto wakapiga makofi. Nikabonyeza juu. Winchi ikaguna, ikavuta kwa shida, nikainama kuangalia mnyororo. Nikaachia swichi. Ikaendelea kuvuta.

Umeme ukifika dhaifu, visahani vya ndani ya solenoidi, ile swichi kubwa inayopitisha umeme wa winchi, vinagusana legelege, vinachomeana, vinagandana. Ukiachia swichi havina habari na wewe. Haya nayajua vizuri sana. Niliyakumbuka pindo la jaketi likiwa tayari chini ya mnyororo.

Ile mashine haina haraka. Bora ingekuwa nayo. Kwanza pindo. Halafu zipu, tik, tik, tik, jino moja moja. Halafu mfuko wa kushoto, wenye simu. Fundo linakaza, mimi nimepiga magoti mbele ya winchi kama muumini anayeungama. Nikamfokea kijana wa Mzee, "Fungua betri!"

"Spana iko wapi, kaka?"

Namba 13. Mfuko wa kulia. Nilikuwa naiona inavyokaribia.

Mzee anapiga kelele ufukweni, "Fundi, vua! Vua!" Jaketi halivuki, jamani, fundo limekuwa jiwe. Kilichobaki ni mimi kutoka ndani ya suruali. Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto. Nikasimama puani mwa boti, fulana na boksa, gulio zima linaniangalia, suruali inaondoka zake bila mimi. Kimya. Kisha mama mmoja akaangua kicheko, chungu kikamponyoka, na hapo hakuna aliyejizuia tena.

Spana ilipofika kwenye gurudumu, winchi ikakwama, waya mwembamba ukafuka moshi ukakatika. Ndiyo ikawa fyuzi yetu.

Mengine ni madogo. Nikarushiwa kitenge, nikasema ndaga, asante ya Kinyakyusa. Mzee akanunua waya mnene bila kuuliza bei, solenoidi mpya, swichi ya kujikata ikakaa mahali pake, winchi inavuta safi. Chungu nimekilipa mimi, maana iliamuliwa kwamba kimevunjwa na mapaja yangu. Simu imekufa na namba zote, kwa hiyo mnaonidai, mimi siwafahamu.