Kapu Ana Miiba, Lakini Kosa Lake Ni Lipi?

Mteja akifika kwenye karai la mama samaki hapa Kawangware, huuliza kwanza: "Hii ni tilapia?" Akiambiwa ni kapu wa Naivasha, yaani yule samaki Waingereza wamwitaye "carp", wengine hugeuka wakaenda zao. Shida ni miiba. Kapu ana vimiiba vyenye panda kama manati, vimejificha katikati ya nyama, na huwezi kumwachia mtoto amle peke yake. Mama ninayenunua kwake ana ujanja wake. Huchanja ubavu wa samaki kwa kisu kikali, mchanjo karibu na mchanjo, kisha anamtumbukiza kwenye mafuta yanayochemka. Vimiiba vinakauka, unavitafuna kama omena. Bei ni nafuu kuliko tilapia, na usiku ukiingia karai huwa tupu.

Wapo wanaosema samaki huyu ameliua Ziwa Naivasha, na hawasemi ovyo. Kapu hula kwa kufukua. Huchimbua tope la chini, hung'oa mimea michanga, maji yakachafuka hata mwanga usifike chini. Tilapia naye huchimba kiota chake huko huko kwenye maji mafupi, kwa hiyo jirani kama huyo si wa kumtamani. Hoja hii naiheshimu.

Ile ya pili, kwamba kapu ni mgeni na aondolewe arudi samaki wa asili, siielewi. Asili gani? Tilapia wa Mto Athi alipelekwa Naivasha mwaka 1925. Samaki aitwaye bass akaletwa kutoka Marekani mwaka 1929 ili walowezi wapate wa kuvua kwa ndoana. Tilapia wa aina nyingine wakafuata mwaka 1956, na kamba wa maji baridi mwaka 1970. Mwenyeji hasa alikuwa kisamaki kidogo kisichojaza kijiko, na hakijaonekana tangu mwaka 1962. Tukifukuza wageni, tutabaki na supu ya maji.

Kapu mwenyewe alishuka na Mto Malewa karibu na mwaka 2000, inaaminika alitoroka mabwawa ya wafugaji. Ziwa lilikuwa limeshachoka. Mwaka 2001 lilifungwa, uvuvi ukasimama mwaka mzima, na hilo halikuwa kosa la kapu. Samaki wengine walipopungua, yeye akazaana. Jike mkubwa hutaga mayai kwa malaki, na maji ya ziwa yalipoanza kupanda baada ya 2010 yakafunika nyasi za ukingoni, ambazo ndizo kitanda chake cha kutagia. Kufikia hapo, yeye ndiye aliyekuwa akijaza boti za wavuvi.

Ugomvi wangu mimi ni na nyavu za matundu madogo. Vijana wasio na leseni huingia majini kwa miguu, maji yakiwafika kifuani, wakikokota wavu kwenye mafunjo ambako samaki wachanga hukulia. Viboko wako pale pale, na kila mara tunasikia mmoja hakurudi. Sina moyo wa kuwaita wahalifu tu. Mtu hasogelei kiboko gizani kwa sababu ya uvivu. Lakini samaki wa ukubwa wa kiganja anayeletwa Nairobi ana mnunuzi, na mnunuzi ni sisi, tunaong'ang'ania tilapia hata akiwa mtoto ilimradi hana miiba mingi. Kapu anaweza kustahimili nyavu zetu. Tilapia mchanga hawezi. Ndiyo maana kwa upande wa sahani nasimama na mama wa karai: tumle kapu, tena kwa wingi, tilapia apate muda wa kukua.

Kuna mahali naungana na wanaompinga. Nimesikia watu wakishauri apandikizwe katika kila bwawa kwa kuwa anakua haraka na haugui ovyo. Bwawa la Masinga ameshafika, hakuna wa kumtoa. Bwawa la Ndakaini ni jambo lingine, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka huko. Tope atakalolifukua kule Murang'a litakuja kusumbua mitambo ya kusafisha maji, na sisi huku Kawangware mfereji wenyewe hutoa maji siku chache tu kwa wiki.