Sheria ya Lugha Mbili ya New Brunswick Inamlinda Nani?

Katika majimbo yote ya Kanada, New Brunswick ndilo pekee ambalo Kiingereza na Kifaransa ni lugha rasmi kwa usawa, tangu sheria ya 1969 iliyopitishwa chini ya Louis Robichaud, Muakadia (yaani wa jamii ya wazao wa walowezi wa Kifaransa wa eneo hilo) wa kwanza kuchaguliwa kuongoza serikali ya jimbo hilo. Lawama zinafahamika: jimbo ambalo sensa ya 2021 ililihesabia watu wapatao 776,000 tu linaendesha mifumo miwili ya shule na, tangu 2008, mitandao miwili ya hospitali. Isitoshe, kijana wa Saint John anayejua Kiingereza pekee hukosa baadhi ya kazi za serikali zinazodai lugha zote mbili. Malalamiko hayo ya ajira ni ya kweli, na mwaka 2018 yalichangia kukipatia chama kinachopinga mpango huo viti 3 bungeni.

Hata hivyo, sensa hiyohiyo ilionyesha kuwa ni kama theluthi moja tu ya wakazi wanaozungumza lugha zote mbili, na takwimu hii husomwa kama ushahidi kwamba sheria imeshindwa. Nadhani inasomwa kinyume. Sheria haikumwamuru raia yeyote ajifunze lugha ya pili. Iliiamuru serikali imhudumie raia kwa lugha anayoichagua, na kwa hiyo anayelindwa zaidi ni yule mwenye lugha moja. Tena katika theluthi hiyo wengi ni wenye Kifaransa, maana yake mzigo wa kujifunza umebebwa kwa sehemu kubwa na wachache wanaodaiwa kupendelewa. Mvuvi mzee wa Caraquet, mji wa wasemaji wa Kifaransa, anaweza kuuza samaki wake kwa Kiingereza bila shida, lakini akilazwa na homa kali, maumivu ya kifua atayaeleza kwa lugha ya mama yake.

Ndiyo sababu Waakadia, ambao Waingereza walianza kuwafukuza kutoka nchi yao mwaka 1755, hawaridhiki na taasisi za pamoja. Mzozo ulipofika kwenye mabasi ya shule mwaka 2015, kuhusu kama watoto wa Kiingereza na wa Kifaransa wapande mabasi tofauti, wapo waliouona kuwa upuuzi. Lakini watoto wa pande zote mbili wakichanganywa, lugha ya mazungumzo huelekea kuwa Kiingereza, na huanza hapo kwenye viti vya basi. Jiji la Moncton, lenye chuo kikuu cha Kifaransa kilichoanzishwa 1963, bado linabeba jina la Robert Monckton, kamanda aliyeshiriki katika ufukuzaji huo.

Wamikmaki na Wawolastokiyik, wenyeji wa kale wa pwani na mito hiyo, wana dai zito kuliko yote, kwa sababu lugha zao hazikupewa hadhi yoyote ya namna hiyo.

Kuhusu kijana wa Saint John, dawa yake ni kufundishwa Kifaransa vizuri mapema. Serikali ya jimbo ilipotaka kuufuta mpango wa kuwasomesha watoto wa Kiingereza kwa Kifaransa, wazazi wao wenyewe walijaa mikutanoni kuupinga uamuzi huo, na Februari 2023 serikali ikarudi nyuma.