Mdudu wa Mama Mkwe

Mtego wangu wa vidudu vya miti ni rahisi: chupa ya soda ya lita 2, ubavuni ukate dirisha, uigeuze kizibo kikae chini, utie maji ya sabuni vidole viwili, na ndani uning'inize kichupa cha sanitaiza iliyobaki tangu korona. Mti unaougua hutoa ethanoli, na vidudu vitoboavyo magome huifuata kama wazee na busaa. Ilifaa niutundike msituni. Mvua ya Malava ikanitisha, nikautundika chini ya paa la ghala la mahindi la mama mkwe, karibu na mgrevilea uliokuwa ukikauka.

Siku ya 7 nikachuja. Vidudu vyeusi vya milimita 2 vilikuwa tele, nikavimwaga uani. Macho yangu yalikuwa kwa mmoja tu wa kahawia iliyokolea: milimita 4, mviringo kama risasi, kichwa kimefichwa chini ya kifua, nyuma mgongo umekatika kama mteremko. Nikapekua vitabu vyangu vya utambuzi usiku kucha. Hayumo. Spishi mpya!

Mwenye akili huanza na vipapasio. Mtoboa magome wa kweli, wa kundi la Scolytinae, ni ndugu wa fukusi: kipapasio chake kimepinda kama kiwiko, na nchani pana kirungu kimoja kilichoshikana. Mimi nilimbandika mdudu kwenye pembetatu ya karatasi kwa gundi ya viatu. Tone linalotakiwa ni la ncha ya sindano. Langu lilikuwa la kichwa cha kiberiti. Vipapasio vikazama humo, nikabaki nikiusifu mgongo.

Sasa, nilikuwa bado na deni la ng'ombe mmoja wa mahari. Kanuni za majina ya kisayansi zinaruhusu kumuenzi mtu: mwanamume jina lake humalizikia kwa -i, mwanamke kwa -ae. Jioni, mbele ya mashemeji na sufuria ya kuku, nikatangaza kwamba dunia nzima itamjua mdudu huyu kwa jina la mama mkwe. Makofi! Simu yenye picha ikapita mikono minne hadi kwake, maana mkwe haketi karibu na mama mkwe.

Akaisogeza machoni. "Baba Junior, huyu si Osama?"

Hakungoja jibu. Alirudi kutoka ghalani na chekecheo lenye mahindi, akalitikisa mara tatu: unga mwingi, na ndani yake ndugu kumi na mmoja wa spishi yangu.

Nikamtazama mmoja asiye na gundi. Kipapasio kimenyooka, nchani vifundo vitatu vilivyoachana. Dumuzi, ndiye huyo Osama wa wakulima! Prostephanus truncatus, aliyepewa jina na Horn mwaka 1878, mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyegunduliwa huku Afrika, Tabora, mwaka 1981. Hata huo unga uliobaki kati ya punje ungenizindua: watoboa miti wanaolima kuvu hutupa vumbi la mti nje, na vijia vyao huwa vyeusi kwa kuvu.

"Kwa hiyo," akasema mama mkwe polepole, "huyu anayenimalizia mahindi ndiye uliyempa jina langu?"

Shemeji mkubwa akakohoa. "Ng'ombe sasa ni wawili."

Nikakumbuka vile vyeusi vya milimita 2. Nikakimbia uani na lenzi yangu. Kuku walikuwa wanapangusa midomo kwenye majani.