Ushuru wa korosho na akiba ya gesi: mbunge wa Kusini akague tarehe

Tangu Juni 2018, mjadala wa fedha za korosho Mtwara na Lindi umekuwa ukiendeshwa kwa asilimia. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009, ilivyorekebishwa mwaka uliofuata, ilielekeza asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje iende kwenye mfuko wa wakfu wa kuendeleza zao hilo, na asilimia 35 iingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Serikali ikaleta marekebisho kupitia Muswada wa Sheria ya Fedha wa 2018 ili ushuru wote uingie Hazina. Wabunge wa Kusini walipinga kwa sauti kubwa, akiwemo Nape Nnauye wa Mtama na Hawa Ghasia wa Mtwara Vijijini, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza Kamati ya Bajeti. Muswada ukapita. Mwaka 2022 Bunge likarudisha sehemu ya ushuru huo kwenye kilimo, na tangu hapo ubishi umehamia kwenye ukubwa wa sehemu yenyewe.

Asilimia ni muhimu, hakuna anayekataa. Ila ukifuatilia fedha hizi tangu zinapokatwa hadi salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, inapofika kijijini, utaona kwamba mkulima wa Tandahimba au Ruangwa huumizwa zaidi na siku ambayo fedha inatoka kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye sheria.

Tuanze na hesabu ya ushuru wenyewe. Kanuni iliyowekwa ni asilimia 15 ya thamani ya korosho bandarini, au dola 160 kwa tani, kinachochukuliwa kikiwa kile kilicho kikubwa. Bei ikiwa dola 1,500 kwa tani, asilimia 15 ni dola 225, kwa hiyo hiyo ndiyo inayolipwa. Bei ikishuka chini ya takriban dola 1,067, kiwango cha dola 160 ndicho kinachoshika. Zikisafirishwa tani 200,000 kwa bei hiyo ya dola 1,500, ushuru unafika dola milioni 45. Kwa mgawanyo wa zamani, zaidi ya dola milioni 29 zingerudi kwenye zao.

Anayelipa kwa jina ni msafirishaji. Lakini mnunuzi anayeandika bei kwenye zabuni ya mnada wa vyama vikuu vya ushirika vya TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao huanza na bei ya soko la India au Vietnam, akaondoa meli, magunia, ghala, faida yake na ushuru, ndipo akapata bei ya kumpa mkulima. Sehemu kubwa ya ushuru, basi, inatoka kwenye kilo ya mkulima hata kama jina lake halimo kwenye risiti. Hapo ndipo wakulima wanaposema fedha ni zao, na hoja hiyo ina mashiko.

Upande wa Hazina nao usipuuzwe, maana Kusini mara nyingi husikilizwa nusu tu. Ibara ya 135 ya Katiba inataka mapato ya Serikali yawekwe kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa yale ambayo sheria imeyatengea matumizi maalumu au mfuko mwingine. Kwa hiyo mfuko maalumu ni ruhusa ya pembeni tu, na kuna sababu. Zao likipata mfuko wake, kahawa na pamba nazo zitadai. Waziri wa Fedha atabaki na fedha nyingi zilizofungiwa kwenye visanduku asivyoweza kuvigusa huku hospitali ya wilaya ikikosa dawa. Mfuko wenye bodi, sekretarieti, magari na posho za vikao una njia nyingi za kula fedha kabla hazijafika shambani, na kwa kuwa ni mdogo, ni rahisi kupita miaka bila mtu kuuliza. Tena ushuru huu ulikuwa na lengo la pili: kuifanya korosho ghafi iwe ghali kusafirisha ili viwanda vya kubangua vya hapa nchini vipate mali. Ukiutazama hivyo, ni kodi ya sera kama kodi nyingine yoyote, na kuuita akiba ya wakulima ni kuvuta kamba upande mmoja.

Hoja hizo ni nzito. Zinapokwama ni kwenye kalenda.

Mkorosho wa Kusini huanza kutoa majani mapya na maua kati ya Mei na Juni, ukaendelea hadi Agosti au Septemba. Ugonjwa wa ubwiriunga huingia hapo hapo: ukungu mweupe hufunika maua na machipukizi, maua yanakauka bila kufunga tunda. Kinga yake ya miaka mingi ni salfa ya unga, inayopulizwa kwa mashine alfajiri kukiwa na umande na upepo umetulia. Kipimo kinachotumika ni gramu 250 kwa mti kwa kila mzunguko, mizunguko mitano, ikipishana wiki mbili hadi tatu. Mwenye mikorosho 200 anahitaji kilo 50 kwa mzunguko mmoja, yaani mifuko miwili ya kilo 25. Kwa msimu ni mifuko kumi. Mifuko minne ikichelewa, mizunguko miwili ya mwanzo imepita, na salfa haifufui ua lililokwisha kufa. Mkulima atapuliza mitatu iliyobaki, atalipa mafuta ya mashine na kibarua kama kawaida, na mavuno yatakuja pungufu. Kwenye taarifa ya Serikali itasomeka kwamba pembejeo zilisambazwa, na itakuwa kweli.

Sasa weka kalenda ya fedha juu ya hiyo ya shamba. Minada hufunguliwa Oktoba, na shehena nyingi huondoka kati ya Novemba na Februari. Ushuru mwingi wa msimu unaingia katika miezi hiyo. Salfa inaagizwa nje: zabuni, mkataba, meli, kupakua, kusambaza kwa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima. Ukihesabu miezi mitatu hadi minne, na ukitaka mzigo uwe ghalani kijijini katikati ya Mei, mkataba lazima usainiwe Januari au mapema Februari. Fedha ikitoka Machi umechelewa. Ikisubiri mwaka mpya wa fedha unaoanza Julai 1, maua yako shambani tayari.

Ndani ya Mfuko Mkuu, fedha ya korosho haina kumbukumbu ya msimu wake. Inachanganyika na kodi nyingine, na kuna wanaotangulia kulipwa: Ibara ya 141 inaliweka deni la Taifa juu ya mfuko huo, na mishahara haisubiri. Januari na Februari makusanyo yakiyumba, salfa ya Newala ndiyo inayosogezwa mbele, kwa kuwa hakuna atakayeandamana Februari kwa ajili ya ua litakalokauka Juni. Sidhani kuna nia mbaya hapo. Mtumishi wa Hazina analipa anayebisha hodi kwanza.

Ila Kusini nako kuna jambo la kulikubali, na husemwa kwa nadra. Asilimia 65 ilikuwa imo kwenye sheria, na bado kabla ya Juni 2018 wabunge wenyewe walikuwa wakilalamika bungeni kwamba mgao wa mfuko haujatolewa kwa ukamilifu. Mfuko ulikuwepo, asilimia ilikuwepo, malimbikizo nayo yakawepo. Sheria ilitaja mgawanyo. Haikuibana Hazina kwa siku. Kurudisha 65 au hata 80 bila kugusa jambo hilo ni kurudisha lile lile lililoshindwa.

Gesi ina hadithi inayofanana, ingawa kwa kasi nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya 2015 ilipitishwa miaka miwili baada ya vurugu za Mtwara za Mei 2013 kuhusu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na bomba lenyewe likazinduliwa Oktoba 2015. Sheria hiyo imeunda mfuko wenye akaunti mbili zinazosimamiwa na Benki Kuu, moja ya kupokelea mapato na nyingine ya akiba. Mapato hadi asilimia 3 ya Pato la Taifa huingia kwenye bajeti kupitia Mfuko Mkuu, na angalau asilimia 60 ya kiasi hicho inatakiwa kwenda kwenye maendeleo. Kinachozidi ndicho kinachowekwa akiba.

Piga hesabu. Pato la Taifa likiwa shilingi trilioni 200, asilimia 3 ni trilioni 6. Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo inayouzwa ndani ya nchi haikaribii kiasi hicho. Akaunti ya akiba, basi, ni ya kusubiri mradi wa kusindika gesi Lindi, pale Likong'o. Mbunge anayeuliza bungeni kwa nini haina kitu anauliza swali ambalo sheria imeshalijibu, na Waziri atalijibu kwa dakika moja akakaa. Swali lenye meno ni lile la asilimia 60: imetumika kwenye kasma (vifungu vya bajeti) zipi za maendeleo, mwaka upi, kiasi gani?

Kuhusu kuweka akiba kwenyewe, wachumi wamegawanyika kwa haki. Serikali inayokopa kwa riba kubwa kisha ikaweka akiba kwa faida ndogo inapoteza tofauti kila mwaka. Upande wa pili, mkorosho huota tena lakini gesi ikitoka imetoka, na bei yake hupanda na kushuka bila kutuuliza. Kwangu, akiba ina maana siku mapato yatakapokuwa makubwa kuliko uwezo wetu wa kuyatumia vizuri. Hatujafika huko. Kwa sasa Mtwara na Kilwa wanachokiona moja kwa moja ni ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo, unaolipwa halmashauri, na huo unafaa kukaguliwa na madiwani kabla ya mtu kupanda basi la Dodoma.

Mbunge anaweza kufanya nini hasa? Silaha inayopendwa ni kushika shilingi ya mshahara wa Waziri kwenye Kamati ya Matumizi, yaani kuzuia kifungu cha mshahara wake hadi atoe maelezo. Inapata picha nzuri kwenye televisheni, Waziri anaahidi, shilingi inarudi. Kukataa bajeti nzima kuna gharama, maana Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likifanya hivyo, na hakuna mbunge asiyelijua hilo. Ibara ya 99 nayo inamzuia mbunge kuleta pendekezo la kuongeza kodi au matumizi kutoka Mfuko Mkuu bila Rais kulileta kupitia Waziri.

Kazi yenye tija haina kelele. Iko kwenye vitabu vya bajeti: Kitabu cha Kwanza kwa makadirio ya ushuru, cha Pili na cha Nne kwa Fungu 43 la Wizara ya Kilimo. Kisha iko kwenye safu ambayo wengi huiruka, ya fedha zilizotolewa, ikisomwa mwezi kwa mwezi. Taarifa ya mwaka inaweza kuonyesha asilimia 100 ilitolewa, na nusu yake ikawa imetoka Juni. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambaye kwa Ibara ya 143 ndiye anayeidhinisha fedha kutoka Mfuko Mkuu, ana tarehe hizo. Kamati ya Hesabu za Serikali ikizitaka, zitaletwa.

Halafu lije jedwali la marekebisho kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha, la mistari miwili: sehemu ya ushuru inayokwenda kwenye kilimo, kwa makusanyo ya hadi Januari 31, itolewe kabla ya Februari 15, na salio lake lisirudi Hazina Juni 30. Tarehe haiongezi hata senti kwenye kiasi kilichokwisha kukubaliwa, hivyo ukuta wa Ibara ya 99 unakuwa mfupi zaidi, ingawa wanasheria wa Serikali huenda wakabishana. Hazina itajibu kwamba haiwezi kufungwa siku maalumu kwa fedha ambazo msafirishaji anaweza kuzichelewesha. Jibu hilo lina ukweli, na ndiyo maana mbunge aende na takwimu za TRA za forodha za misimu mitatu, Oktoba hadi Machi, aoneshe ni kiasi gani kilikuwa kimeshaingia kila Januari 31.