Namba ya Kuazima

Alama ilikuwa ya mkaa, ukutani, kando ya mlango wa duka la vitenge huko Kisenyi, Kampala. Ilifika usawa wa kiuno changu. Mwenye duka, mama aliyetoka Bunia miaka mingi iliyopita lakini Kiswahili chake bado ni kile cha Ituri, aliweka kiganja chini ya alama hiyo kama mtu anayempima mtoto urefu.

"Mtoto yangu, siku ile maji ilifika hapa. Na ya kwenye kompyuta yako, yenyewe ilifika wapi?"

Ya kwenye kompyuta yangu haikufika popote. Kwa mujibu wa modeli niliyokesha nayo miezi mitatu, mvua ya siku ile ilipita ndani ya mtaro kwa adabu zake zote, ikabakiza zaidi ya sentimita 30 kabla ya kugusa ukingo. Nilikuwa na ramani ya rangi ya kuthibitisha. Yeye alikuwa na ukuta.

Wala sikuwa nimekwenda pale kwa ajili ya utafiti. Nilikwenda kumnunulia mama yangu kitenge cha mahafali. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa umeshapita, na kwa alama nzuri, na kwa kiherehere cha kijana aliyeitwa injinia kwa mara ya kwanza nikajisifu dukani kwamba mtaro ule wa nyuma, unaopeleka maji yake kwenye mtaro mkubwa wa Nakivubo na hatimaye ziwani, nilikuwa nimeupigia hesabu. Laiti ningenunua kitenge nikaondoka.

Tangu siku hiyo nina neno moja na wenzangu wanaofanya utafiti wa uhandisi kwa modeli za hisabati, na leo nalisema. Milinganyo tunaijua. Programu tunazijua, nyingine hata kuliko wale waliotufundisha. Tunakoponzwa ni kwenye ile namba moja ndogo tunayoiazima kutoka kitabu cha mbali na kuipachika bila kwenda kuangalia kama inatutosha. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri nini. Mwenye duka la vitenge hakuhitaji kunikumbusha.

Nieleze namba yenyewe. Mwaka 1889 mhandisi wa Ireland aitwaye Robert Manning, mtu aliyeanza kazini kama karani wa hesabu, aliwasomea wenzake mlinganyo wa mwendo wa maji kwenye mfereji ulio wazi. Tunautumia hadi leo duniani kote. Unahitaji umbo la mfereji, mteremko wake, na kitu cha tatu: ni kiasi gani kuta na sakafu zinayakwaruza maji yakipita. Hicho cha tatu huandikwa kwa herufi n. Saruji laini ni kama 0.013 hadi 0.015. Mto wa udongo ulio safi ni kama 0.03. Ukiwa na majani mazito unaweza kuvuka 0.1. Umbo unapima kwa futi kamba, mteremko unapima kwa mashine ya kupimia ardhi. Lakini n huwezi kuipima kwa kuigusa. Unaikadiria, au unaitafuta kwa kurudi nyuma kutoka kwenye maji yenyewe: yalifika wapi, yalikuwa mengi kiasi gani. Wengi wetu tunafungua jedwali lililotokana na mifereji ya Marekani, tunasoma "saruji", tunaandika 0.015, tunakwenda kunywa chai.

Sasa angalia inavyouma. Chukua mtaro wa saruji wenye upana wa mita 2 na kina cha mita 1.5, unaoshuka mita moja kila mita 400. Kwa n ya 0.015, ukijaa hadi ukingoni unapitisha mita za ujazo 7 kila sekunde. Mvua yako inaleta 5. Umelala usingizi. Lakini mtaro ule mimi niliuona Januari, kiangazi, nikiwa na haraka ya kupiga picha za ripoti. Mvua zikija, sakafu ina tope la sentimita 40, tope lina makavera (mifuko ya plastiki), chupa za maji na godoro lililooza, na pembeni mtu amepanda magimbi kwa sababu ardhi yenye maji Kampala haiachwi ilale bure. Weka n ya 0.035, punguza kina kwa hizo sentimita 40, rudia hesabu. Unapata mita za ujazo 2. Kutoka 7 hadi 2, mlinganyo ni uleule, karani wa Ireland hana kosa. Zile 3 zilizobaki ziliingia dukani kwa mama.

"Hiyo saruji uliiona lini?" aliniuliza nilipomweleza. Nikamwambia Januari. Akacheka, akaendelea kukunja kitenge.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba pale chuoni, ambacho sitakitaja, hakuna aliyeniuliza swali hilo. Jopo la watu watatu lilitazama slaidi 22. Mmoja aliuliza kwa nini sikutumia toleo jipya la programu. Mwingine alisema rangi ya bluu kwenye ramani haionekani vizuri. Wa tatu alikuwa na simu. Nikapita. Na mimi leo nikikaa upande ule wa meza, najikuta nikitekwa na ramani nzuri vilevile, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole bila kujua kwamba vingine vinanirudia.

Mtu atasema: lakini sisi hatuna takwimu, tufanyeje, tusubiri? Hoja hii nimeisikia kwenye kila semina, kwa kawaida hotelini, baada ya chai ya saa nne. Kuna fedha za leseni ya programu, za ukumbi, za nauli za washiriki. Omba fedha za kununua bomba la chuma, kulipaka rangi kila sentimita 10, kulisimika mtaroni na kumlipa mtu wa jirani alisome asubuhi na jioni, uone utakavyotazamwa. Hilo si utafiti, utaambiwa. Hilo ni fundi.

Kumbe kazi nzito kuliko zote zilizofanywa kwenye mto Nile zilianzia kwenye kijiti cha namna hiyo. Nimekulia Jinja, kambini, baba akiwa mwanajeshi (ndiyo maana naandika Kiswahili bila kutafuta maneno), na tulikuwa tukienda kuoga ukingoni bila kujua kwamba kimo cha ziwa lile kimekuwa kikisomwa na kuandikwa tangu 1896. Ziwa hilo, Victoria, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Nile pale Jinja, na zamani kizingiti cha mlango huo kilikuwa mwamba wa maporomoko ya Ripon. Ziwa likipanda, maji mengi zaidi yanaruka mwamba, likishuka, yanapungua. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954, Ripon ikazama. Mwamba ukatoweka chini ya maji, na kwa makubaliano na Misri, watu wa bwawa wakatakiwa waachie maji kana kwamba mwamba bado upo. Wangejuaje? Kwa sababu mtu alikuwa ameshapima. Kutokana na vipimo hivyo ukachorwa mkunjo unaoitwa wa Makubaliano: soma kimo kwa mita kwenye kipimo cha Jinja, toa 7.96, piga kipeo cha 2.01, zidisha kwa 66.3, umepata mita za ujazo kwa sekunde. Kipimo kikisoma 12, ni kama 1,100. Kikisoma 13, ni kama 1,700.

Hizo namba tatu nazipenda kuliko modeli yoyote niliyowahi kuigusa. Hazipo kwenye jedwali la mtu. Hiyo 7.96 huwezi kuipeleka Zambezi ikakufaa. Ni umbo la mwamba wa Jinja, na mwamba wenyewe haupo tena, umebaki kwenye hesabu.

Lakini hata namba ya nyumbani ina mpaka wake. Kati ya 1961 na 1964 mvua zilinyesha mpaka ziwa likapanda karibu mita mbili na nusu, likatoka kabisa nje ya vimo ambavyo mkunjo ulipimiwa. Ikabidi urefushwe kwa majaribio ya mfano mdogo wa mto uliojengwa maabara huko Wallingford, Uingereza. Na katikati ya miaka ya 2000 tuliona kinyume chake: ukame ukaja, maji yakaachiwa zaidi ya mkunjo unavyoruhusu ili umeme upatikane, ziwa likashuka mpaka wavuvi wakawa wanaburuta mitumbwi kwenye tope. Hapo hesabu haikukosea. Ilipuuzwa, na hiyo ni makala nyingine. Mei 2020 ziwa likapanda tena, likavuka hata rekodi ya 1964, na waliojenga kwenye fukwe wakagundua kwamba ziwa lilikuwa limekwenda matembezi tu.

Kupanda na kushuka huko kuna jambo lingine, na hili nawaambia hasa wanafunzi wanaodhani hisabati ni kitu kinachoshushwa bandarini. Mwingereza Harold Hurst, aliyefanya kazi Misri sehemu kubwa ya maisha yake, alihangaika na swali la mabwawa ya Nile yawe makubwa kiasi gani. Akakusanya rekodi ndefu, zikiwemo za nilomita ya Roda kule Cairo, kipimo cha kale cha kimo cha Nile. Hesabu za kawaida za bahati nasibu zilimwambia kipeo fulani cha kutawanyika kiwe 0.5, yaani kila mwaka uwe kama sarafu inayorushwa upya. Mto ukamwambia karibu 0.7. Maana yake, miaka mibaya hupenda kufuatana na miaka mizuri hupenda kufuatana, na bwawa lililojengwa kwa kuamini sarafu litakauka au litafurika mapema kuliko ulivyoambiwa. Alichapisha mwaka 1951, na leo kipeo kinachobeba jina lake kinatumiwa hata na watu wa masoko ya hisa ambao hawajui Nile inatokea wapi. Ule ndio wakati mto wetu uliazimisha namba.

Simaanishi tusiazime kabisa. Mimi naazima kila wiki. Miteremko ya Mlima Elgoni haiwezi kungoja kila shamba lichimbwe sampuli ndipo tuseme lipi linaweza kuporomoka. Maporomoko ya ardhi ya Bududa, Machi 2010, yanatosha kumnyima mtu yeyote ujasiri wa kungoja. Ninachotaka ni kwamba aliyeazima aseme ameazima, kwa nani, na nini kinatokea namba ikiwa mara mbili. Endesha modeli kwa 0.015, kwa 0.03, kwa 0.05. Weka ramani zote tatu ukutani. Nilifanya hivyo mara moja kwenye kazi ya kulipwa, na mwenye kazi akaniita pembeni. "Injinia, mkubwa hataki namba tatu. Anataka moja." Nikampa ile mbaya kuliko zote. Sikuitwa tena, na sijajua mpaka leo kama ilikuwa kwa sababu hiyo au kwa sababu ya ankara yangu.

Na takwimu zipo, ila hazijakaa kwenye faili la kompyuta. Zipo ukutani. Nilirudi Kisenyi mvua za Machi zilipoanza, safari hii na bomba langu la rangi nililolinunua kwa fundi wa kuchomelea pale Katwe. Nilitembea duka kwa duka kwa siku mbili. Kila mtu anajua maji yalifika wapi, kwa sababu kila mtu alipoteza kitu kilichokuwa chini ya hapo: gunia la unga, redio, daftari la madeni. Kinyozi mmoja alikumbuka saa, kwa kuwa umeme ulikatika akiwa nusu ya kichwa cha mteja. Kijana wa roleksi, zile chapati za kukunjwa na mayai, alikuwa na video kwenye simu, na video ina saa na dakika zake. Chapati ikielea unaweza kupima mwendo wa maji kwa umbali kati ya nguzo mbili. Nilifanya hivyo. Mita 11, sekunde 12. Jopo lingeniuliza kuhusu rangi ya chapati.

Kwa alama hizo na chapati hiyo nikarudisha hesabu nyuma, na n ya mtaro ule ikatoka 0.038. Haipo kwenye safu ya saruji ya kitabu chochote nilichonacho.

Haitadumu. Msimu uliopita mtaro ulizibuliwa, nikatarajia namba ishuke. Wiki iliyopita mama wa vitenge akanitumia picha usiku kwa simu. Mstari mpya wa mkaa, tarehe pembeni, na sufuria imewekwa chini yake nipate kipimo, jambo ambalo sikumfundisha. Chini yake ameandika: "Injinia, leo ilikomea kwa kitasa. Magimbi wamepanda tena."