Karatasi Moja, Megabaiti Tatu

Ingia saiba yoyote pale Mwembe Tayari, Mombasa, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya basari, utasikia mtu akilalamika kuwa faili imekataliwa kwa kuwa ni kubwa mno. Mama mmoja aliyeshika cheti cha mwanawe alimuuliza kijana wa saiba: "Mwanangu, karatasi ni hii moja tu. Huo ukubwa watoka wapi?"

Swali la haki kabisa. Fomu haipimi karatasi, yapima picha yake. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hupiga picha ya nukta 4000 kwa 3000, na mara nyingi faili yake hufika megabaiti 3 au zaidi, hata ukipiga risiti ya duka. Fomu ikitaka kilobaiti 500, umeshazidisha mara 6 kabla hujagusa kitu. Wengi hukimbilia kuigeuza PDF, kumbe aghalabu ni picha ileile iliyovishwa kanzu. Kuifunga kwa zip nako ni kazi bure, maana JPEG, aina ya faili ambayo simu nyingi huhifadhia picha, imeshabanwa tayari.

Dawa ni kupunguza nukta. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa 2480 kwa 3508. Shusha hadi 150, urefu na upana vyote hupungua nusu, kwa hiyo nukta zabaki robo tu, na maandishi ya kawaida bado yasomeka. Kata pia meza na vidole vilivyoingia kwenye picha. Wapo wanaojitumia picha kwa WhatsApp ili ipungue. Hupungua kweli, ila kiasi huchagui wewe, na nambari ndogo za cheti au muhuri huweza kufifia. Kwa vyovyote, fungua faili, ikuze, usome ile nambari mwenyewe kabla ya kutuma.

Mimi kikomo sikipingi. Kuhifadhi mafaili ya maelfu ya watu kuna gharama. Kinachoniudhi ni fomu inayokuacha ujaze kurasa zote, bando likiyeyuka, ndipo ikuambie faili ni kubwa, tena bila kutaja mwisho wake ni ngapi. Si waandike tu hapo kando ya kitufe, kwa tarakimu? Na wale wanaotaka kurasa kumi ndani ya kilobaiti 200, kisha wakasisitiza kila kitu kisomeke vizuri, wajaribu wao kwanza, kwa simu ya kawaida na si kwa skana ya ofisini.