Kidari cha moshi kipikwe kwa masharti ya Nairobi

Kwenye bucha nyingi za Nairobi kidari, yaani nyama ya kifua cha ng'ombe, hakina jina kubwa. Ukiagiza choma utakatiwa mbavu au mguu, ukitaka nyama laini utaonyeshwa sarara, na kidari kitapitishwa msumenoni na mifupa yake kiwe vipande vya kuchemsha. Sina ugomvi na mchuzi. Lakini tangu nilipokesha nikipika kidari kizima kwa moshi, nina msimamo nitakaoutetea popote: hakuna sehemu ya ng'ombe yenye ladha kuishinda hii. Na anayetaka kuijaribu kwa mara ya kwanza hapa jijini hana haja ya kuagiza chochote kutoka Texas, jimbo la Marekani linalosifika kwa mapishi haya. Anachohitaji ni kujua Nairobi inatofautiana wapi na Texas.

Ng'ombe hana mtulinga, ule mfupa unaoshikanisha bega la binadamu na kifua chake. Uzito wake mwingi wa mbele unabebwa na misuli ya kidari, akisimama na akitembea, na ng'ombe wetu wanatembea kweli. Boran au zebu wa Kajiado amefuata malisho na maji tangu akiwa ndama. Misuli ya namna hiyo imejaa kolajeni, protini ngumu inayoishikanisha nyama, ndiyo maana kidari ukikibanika kwa moto mkali unatafuna mpaka taya zinauma. Kikipata joto la pole kwa saa nyingi, kolajeni inayeyuka na kuwa jelatini, na jelatini ndiyo inayoipa nyama ule ulaini wa kuteleza hata baada ya maji yake mengi kutoka. Wahamiaji Wajerumani na Wacheki waliofungua bucha katikati ya Texas karne ya 19 walifukiza nyama ambayo haikununuliwa ikiwa mbichi, isiharibike. Haya ni mapishi yaliyozaliwa buchani, kwa watu waliochukia kutupa kitu.

Kazi ya kwanza basi ni kumzuia jamaa wa bucha asikate. Wangu alikuwa ameshainua panga.

"Bosi, kiache hivyo hivyo. Nitolee mifupa tu, mafuta usiyaguse."

"Kizima? Una sherehe?"

"Nataka kukipika kwa moshi, usiku mzima."

Akakirudisha kwenye ndoano, akashusha kingine, akakigeuza nionyeshwe tabaka jeupe la mafuta juu yake. "Kama ni moto wa usiku mzima, chukua hiki. Kile kingine kitakukaukia." Hajawahi kupika nyama hivyo, lakini anaijua nyama, na alisema kweli. Video za Marekani zinafundisha kupunguza mafuta yabaki unene wa nusu sentimita hivi. Ng'ombe wao wengi hunenepeshwa kwa nafaka kwa miezi kabla ya kuchinjwa, kwa hiyo wana mafuta hadi ndani ya nyama. Wetu wa nyasi hana akiba hiyo. Mafuta ya juu yaache.

Viungo ni chumvi na pilipili manga iliyopondwapondwa, basi, ipakwe jioni ya kuamkia siku ya kupika na nyama ilale kwenye friji. Ule unga wa mchuzi wa pakiti ubaki kabatini.

Jiko la pipa utalipata kwa mafundi wa jua kali pale Kamukunji, na wanalikata vizuri. Uliza pipa lilibeba nini kabla halijawa jiko. La kemikali likatae hata kwa bei ya bure. Lililopakwa rangi ndani lichomwe kwa moto mkali mpaka rangi iishe, ndipo liguse chakula. Usikubali pia wavu au kisahani cha mabati ndani yake, kwa sababu zinki iliyopakwa juu yake ikipata moto mkali inatoa mvuke wenye sumu. Makaa yasukume upande mmoja, nyama ikae upande wa pili, na joto la ndani ya pipa lishike nyuzi 110 hadi 120. Kidari cha kilo 4 au 5 kinaweza kula saa 10 hadi 14. Ukiwasha saa 3 usiku wa Jumamosi, utakula mchana wa Jumapili bila kukimbizana. Julai ongeza makaa, maana baridi ya usiku inanyonya joto kwenye bati jembamba.

Kuhusu kuni nina neno, kwa sababu nimeona watu wakilipa pesa nyingi kwa vipande vya mti wa Marekani vilivyofungwa kwenye mifuko, wakati Kiambu wanapogoa mikahawa na matawi yanaishia jikoni. Kuni ya mkahawa ni ngumu na inaungua taratibu. Mgunga unafaa, mparachichi unafaa. Mikaratusi ina mafuta yake makali na misonobari ina utomvu, hiyo yote iache. Kuni ziwe kavu kabisa. Moshi mweupe mzito unaacha uchungu kwenye nyama. Unaoutaka ni ule mwembamba, wa samawati, ambao karibu hauonekani. Na tunaojua mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, hatuwezi kusema ladha ya moshi ni ngeni. Wanasugua kibuyu chake kwa makaa ya mti waliouchagua kwa makusudi, na hawakutii duka lolote kujua ni upi.

Sasa mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mapishi ya Texas yanasema nyama itolewe ikifika nyuzi 95 ndani. Austin, mji mkuu wa Texas, iko chini ya mita 200, maji huko yanachemka karibu na 100, kwa hiyo 95 yao bado haijafika mchemko. Hapa kwetu imeshaupita. Anayesubiri kipimajoto kisome 95 akiwa Nairobi anayachemsha maji yaliyobaki ndani ya nyama na kuyafukuza, halafu anasema nyama ya Kenya ni kavu! Kuanzia nyuzi 88 pima kwa mkono. Dunga upande mwembamba. Kijiti kikiingia na kutoka bila kushikwa, imeiva. Changu kililainika kwenye 91, na ningekifuata kitabu ningekiua.

Kabla ya hapo utapita kwenye kipindi kigumu, pale nyama inapofika nyuzi 65 au 70 na kugoma kupanda kwa saa kadhaa. Inatoa jasho, na jasho linaipoza. Shemeji aliyekesha nami alikuwa tayari kumwaga makaa zaidi. "Shem, hii kweli itaiva leo?" Itaiva. Usiongeze moto na usifunue pipa kila dakika. Ikishapata rangi nyeusi inayong'aa, ifunge. Wengi hutumia karatasi ya kaki isiyo na nta au foili; mimi nilitumia majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni yalegee, na sitarudi kwenye foili.

Ikiiva, izungushie taulo na uifungie kwenye kisanduku cha kubebea barafu, bila barafu, angalau saa moja, mbili ni bora. Wageni watalalamika. Wape chai. Ukiikata mapema, majimaji yote yanabaki kwenye ubao. Kata kinyume na mkondo wa nyuzi za nyama, na kumbuka kidari ni misuli miwili iliyolaliana, mikondo yake haifanani, kwa hiyo katikati ya kazi kisu kigeuzwe. Sosi tamu siitaki hapo. Kachumbari yenye ndimu na pilipili inakata mafuta vizuri zaidi, na ugali unafyonza majimaji hayo kuliko mkate wowote mweupe.

Ombi langu ni kwa wenye bucha. Ijumaa mnapopokea nyama, tundikeni angalau kidari kimoja bila kukipitisha msumenoni, na mafuta yake yote juu. Mimi nitakipitia saa 11 jioni, na siamini nitakuwa peke yangu kwenye foleni.